Maswali na Majibu: Dola ya Seyyid Said na Wamazrui wa Gazi

1. Seyyid Said bin Sultan alikuwa nani? (alama 2)
(i) Mtawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi, 1806–1856.
(ii) Ndiye aliyehamishia makao makuu Unguja kutoka Maskati, mwaka 1840.

2. Eleza hatua zilizomfikisha Mombasa. (alama 3)
(i) Aliwanyang'anya Wamazrui, watawala wa Mombasa, kisiwa cha Pemba, ghala lao la chakula, mwanzoni mwa miaka ya 1820.
(ii) Alisubiri hadi bendera ya Uingereza, waliyojikinga nayo tangu 1824, ikateremshwa 1826.
(iii) Walipogombea uliwali wenyewe kwa wenyewe, aliitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1837. Wakubwa wao walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas.

3. Fafanua sera zake za utawala. (alama 4)
(i) Aliweka maliwali mijini. Kesi ziliamuliwa na makadhi.
(ii) Forodha aliikodisha kwa Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi. Bidhaa kutoka nje zilitozwa asilimia 5.
(iii) Alitia saini mikataba ya biashara na Marekani (1833), Uingereza (1839) na Ufaransa (1844).
(iv) Aliamuru kila mwenye shamba Unguja apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Usisahau kuandika kwamba jasho lilikuwa la watumwa. Mkataba wake na Uingereza wa 1845 ulikataza kuwasafirisha nje ya milki yake ya Afrika tu. Ndani, waliendelea kuuzwa.

4. Kwa kutumia mfano wa Kwale, onyesha udhaifu wa dola hii. (alama 3)
(i) Ilishika bandari na ushuru, si nchi nzima. Wamazrui walionusurika 1837 walihamia Takaungu na Gazi, kati ya Diani na Msambweni, wakajijenga upya.
(ii) Ushindi haukuzima kisasi. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mwana wa liwali wa mwisho wa Kimazrui Mombasa, aliasi enzi za Majid na za Barghash, wana wa Said, akitumia ngome yake ya Mwele, bara ya Kwale. Alishindwa na Waingereza, akakimbilia upande wa Wajerumani 1896.
(iii) Ilitegemea mtu mmoja, Said. Alipofariki, wanawe waligombana, na mwaka 1861 Oman na Unguja zikatenganishwa.

Angalizo: Mtahiniwa wa Kwale, usiiache Gazi nje ya jibu lako. Vitabu vingi huishia 1837, kana kwamba kuanguka kwa Mombasa kulimaliza kila kitu. Wazee wetu wa kusini walipigana karibu miaka 60 zaidi.