Kuhama, Kuhamia na Kuhamishwa

Katika somo la safari hii tutatazama jambo ambalo kila ukoo hulipitia, nalo ni kufunga vyombo na kuiacha nyumba ambayo watu wamekaa miaka mingi. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, baada ya mavuno sisi watoto tulikutana hapa Karatu kuifungasha nyumba ya marehemu mama yetu, na kazi hiyo ilitufundisha mengi kwa jasho. Pili, jirani zetu wa huko juu, ng'ambo ya lango la Ngorongoro, wamo katika habari hiyo hiyo tangu mwaka 2022. Wanafunzi wetu wa zamani wamo pande zote: wako waliopanda magari, wako waliobaki, na wako watumishi walioshika daftari la kuandikisha majina. Wote tuliwafundisha kusoma, nasi tutasema tukikumbuka kwamba wote watausoma ukurasa huu.

Tuanze na maneno yenyewe, kama ilivyo desturi ya mwalimu. Kitenzi "hama" ni tendo la mtu mwenyewe: ameamka, ameona nchi imemchosha, ameondoka. Ukisema "hamia" pameingia mahali pa kufikia, na mahali hapo mara nyingi pana wenyeji. Ukisema "hamisha", mtu mwingine ameingia katika sentensi. Na ukisema "hamishwa", yule mwenye nyumba aliyekuwa mtenda sasa amekuwa mtendwa, wala sentensi haikulazimishi kumtaja aliyemtenda. Herufi chache tu, lakini mtu huweza kuishi maisha yake yote akibishana juu ya herufi hizo. Kadhalika twasema "kufunga virago". Kirago ni mkeka mnene wa kulalia. Msafiri aliukunja asubuhi, akautia begani, safari ikaendelea. Msemo huo ulitungwa na watu wenye mzigo mwepesi. Mwenye nyumba ya miaka arobaini hafungi virago. Anafunga ghala zima.

Katika ukoo wetu vitenzi hivyo vyote vimepita. Babu alihama. Alitoka Kainam, katika nchi ya asili ya Wairaqw kule Mbulu, wakati ardhi ilipobana, akaja huku Karatu kama wengine wengi waliokuja katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia. Alijenga tembe lililochimbwa ubavuni mwa kilima, kwa mtindo wa wazee, hata paa likaelekea kulingana na mteremko na mpita njia asilitambue. Baba yetu alihamishwa. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha kufikia mwisho wa mwaka 1976. Zamu yetu ilifika mwaka 1975, nasi tulikuwa darasa la sita. Lori lilikuwa moja kwa nyumba kadhaa. Tulipokwisha kutoa vyombo, paa la tembe lilibomolewa ili mtu asishawishike kurudi. Bibi alitaka kuchukua jiwe lake la kusagia. Dereva alilitazama, akasema ni zito mno, halipandi. Jiwe likabaki.

Tuwe wa kweli pia: katika kijiji kile kipya palijengwa shule, na bila shule ile hatungefika chuo cha ualimu wala kuandika somo hili. Bibi alijua hivyo. Hata hivyo hakuacha kulisema jiwe lake mpaka alipofariki.

Sasa tuje katika nyumba ya mama, maana hapo ndipo tulipokosea, na kosa la mwalimu ni chombo kizuri cha kufundishia. Tulikuwa watoto watano na wajukuu kumi na zaidi. Tulianza na vitu vikubwa: vitanda, kabati, mapipa, mabati ya jikoni. Tulijiona hodari. Vijana tuliwapa kazi ya kufagia na kuchoma takataka. Siku ya pili jioni kaka mkubwa aliuliza liko wapi daftari la baba, lile lenye jalada la buluu. Baba alikuwa ameandika humo mipaka ya shamba: mti fulani, mfereji fulani, na majina ya mashahidi waliokuwapo siku ya kupima. Lilikuwa ndani ya gunia la magazeti, nalo gunia lilikuwa limekwisha kuwa majivu. Wale mashahidi wote wamekufa, ila mmoja, naye hasikii vizuri. Leo jirani wa upande wa korongo anasema mpaka uko hatua kumi ndani ya shamba letu. Huenda anasema kweli. Hatuna la kumwonyesha.

Basi wale mtakaofungasha nyumba ya wazee, anzeni na karatasi kabla ya kijiko. Mketisheni mlangoni aliye mzee kuliko wote, na kila kitu kipite mbele ya macho yake kabla hakijatoka. Hata kopo lenye kutu anaweza kuwa na neno juu yake. Vyeti vya ubatizo na vya ndoa, risiti, barua za mauzo, vitieni katika sanduku moja la bati na litunzwe na mtu mmoja ambaye wote mnamwamini. Mambo ya vyombo mtagombana tu, hilo haliepukiki. Dada zetu wawili waligombana juu ya birika lisilo na mfuniko.

Turudi huko juu. Watu wengi hudhani kwamba kuhamishwa katika Ngorongoro kulianza juzi. Kabla ya Wamaasai, Wadatoga walikaa katika ile Kreta, wakashindwa vitani katika karne ya 19 na kusogea kuelekea Ziwa Eyasi. Hata ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walifuga humo, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia alama zao katika mapatano ya kuondoka Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na Serengeti kwa sheria, ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Mapatano hayo ndiyo watu wanayoyakumbusha hadi leo. Lakini mnamo Machi 1974 waliokaa ndani ya Kreta yenyewe waliondolewa, na wazee husimulia kwamba askari walikuja alfajiri, wakapakia watu na vyombo katika magari. Mwaka 1975 kilimo kilikatazwa, mwaka 1992 kikaruhusiwa, mwaka 2009 kikakatazwa tena. Mtu aliyezaliwa humo mwaka 1970 ameona sheria ya bustani ya mama yake ikigeuzwa mara tatu.

Serikali nayo ina hoja yake, nasi twapaswa kuieleza kwa haki. Mwaka 1959 wakazi walikadiriwa kuwa kama 8,000. Sasa wanatajwa kuwa zaidi ya 100,000, pamoja na mifugo yao, katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 8,300 ambalo tangu mwaka 1979 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wenyeji hujibu kwamba wanyama wako hadi leo kwa sababu wao waliwatunza, na kwamba magari na hoteli navyo vimeongezeka. Mnamo Juni 2022 familia za kwanza ziliondoka kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, safari ya kilometa zipatazo 600. Kila familia iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu katika kiwanja cha eka mbili na nusu, na eka tano za shamba, pamoja na fedha. Serikali inasema ni hiari. Wako wanaosema kwamba zahanati na shule walizoziacha zilinyimwa fedha mpaka hiari ikawa nyembamba. Hapo mnaona ugomvi wa herufi ukirudi: wamehama, au wamehamishwa?

Tulitazame sasa jambo la vyumba vitatu, kwa kuwa ndipo somo letu la kufungasha linapofika. Nyumba ya Kimaasai, yaani enkaji, hujengwa na mwanamke kwa mikono yake: fito, udongo na mavi ya ng'ombe. Ni yake. Mwenye wake watatu ana nyumba tatu katika boma lake, na kila mke ana mlango wake na moto wake. Zamani boma lilipohama, akina mama walipakia ngozi na vibuyu juu ya punda, fito zikaachwa, na nyumba mpya ikasimamishwa huko mbele. Sasa mpeni mwanamume huyo nyumba moja ya matofali. Hati itaandikwa jina la nani? Mke wa pili atawasha moto wake wapi? Malalamiko ya namna hii yamesikika tangu mwanzo, wala si madogo. Mwanamke aliyekuwa mjenzi amefika kule akiwa mgeni nyumbani mwa mumewe.

Tena kuna mzigo usiofungika kwa kamba. Mchungaji wa Ngorongoro anajua kwamba nyumbu wanapozaa katika mbuga za nyasi fupi, kati ya Januari na Machi, ng'ombe hawapelekwi huko, maana ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe. Basi hupandisha mifugo nyanda za juu, na kushuka baadaye. Anajua pia mti wa oloirien, ule mzeituni wa porini, ambao kijinga chake husafishia kibuyu hata maziwa yakapata harufu nzuri. Elimu hiyo haikuandikwa katika daftari la buluu wala jekundu. Handeni ni nchi ya chini, yenye joto na majani mengine, na mzee aliyekuwa profesa wa malisho huko Endulen anaanza huko darasa la kwanza. Na Msomera nako palikuwa na watu, nao wamelalamika kwamba mashamba yao yamegawiwa wageni. Ndiyo maana tulisema kitenzi "hamia" kitazamwe vizuri.

Mnamo Agosti 2024 watu kwa maelfu walikaa barabarani kule Ngorongoro, baada ya tangazo la serikali kufuta kata na vijiji vyao. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Arusha ilisimamisha tangazo hilo kwa muda. Tarehe 1 Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimaasai huko Arusha, akasema ataunda tume mbili, moja juu ya ardhi na nyingine juu ya zoezi la kuhama, nazo zilizinduliwa Februari 2025.

Kuna swali moja tulilolisikia mara nyingi kuliko hesabu ya eka: makaburi je? Zamani Wamaasai wengi hawakuzika kama sisi tunavyozika, lakini siku hizi makaburi yako karibu na maboma, tena mengi yana misalaba. Wakristo wanakumbuka kwamba Yusufu aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake Misri, na kwamba Musa, katika usiku wa haraka ile yote, aliichukua. Hapo tunaona kwamba hata taifa linalokimbia lilikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kukumbuka. Katika vikundi vyenu vya masomo jadilianeni: kwenu kazi hiyo ni ya nani? Na nyumba yenu ikifungwa kesho, ni kitu gani ambacho dereva atasema hakipandi?

Sisi tumekwisha kuufunga mlango wa mama, na ufunguo uko kwa kaka. Tulipomaliza tulipanda kule kilimani kwenye tembe la babu. Limebaki shimo lenye magugu na mti mmoja. Jiwe la bibi liko pale pale, na kijana anayelima shamba lile hulinolea panga. Tulipomwomba, alisema tulichukue tu, ila tuje na watu wanne wenye nguvu. Hatujaenda bado.