SOMO: KUCHAGUA KOMPRESA YENYE SAUTI NDOGO KWA KARAKANA YA NYUMBANI

Kata ya Sekei, jijini Arusha, iko kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru. Fundi seremala mwenye karakana uani mara nyingi hutenganishwa na chumba cha jirani kwa ukuta mmoja na migomba michache. Fundi huyo akiomba mkopo wa kununua kompresa ya kupulizia vanishi, yafaa kamati ya mikopo ya chama chake iulize habari za kelele kabla ya bei. Mashine iliyokataliwa na majirani haifanyi kazi, na isiyofanya kazi hairejeshi mkopo. Tena sheria ipo: kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinabana zaidi maeneo ya makazi kuliko ya viwanda, na usiku kuliko mchana.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Ongezeko la desibeli 10 husikika sikioni kama sauti iliyozidi maradufu. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Basi mashine ya desibeli 85 kwa umbali wa mita 1 humfikia jirani aliye mita 8 ikiwa na desibeli 67, na ya desibeli 65 humfikia ikiwa na 47. Ya kwanza humzuia mtoto kusoma. Ya pili huzoeleka. Lakini vipimo vilinganishwe kwa haki. Namba yenye alama LwA hueleza sauti yote itokayo katika mashine, nayo huzidi kipimo cha mita 1 kwa desibeli 8 au zaidi.

Chanzo kikubwa cha kelele ni mwendo. Kwa umeme wetu wa volti 230 na hezi 50, mota ndogo za kawaida huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, na nyingine karibu mara 1,400. Kompresa ambayo pistoni yake imefungwa moja kwa moja kwenye mota ya mwendo kasi ni rahisi kwa bei na nyepesi kubeba, lakini hupiga kelele kali. Afadhali ile ya mota ya mwendo wa polepole, au ya mkanda wenye gurudumu kubwa linalopunguza mwendo wa pistoni. Ni nzito na ghali zaidi, ila huchelewa kuchakaa.

Wako mafundi wanaounganisha kompresa ya friji kuukuu na mtungi wa gesi. Kweli haisikiki, lakini hewa yake ni kidogo mno kwa kabati au kitanda, na mafuta yake huchafua vanishi. Mtungi ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo waweza kupasuka na kuua. Mkopo wa chama usitolewe kwa chombo cha namna hiyo.

Utulivu pekee hautoshi. Hewa lazima itosheleze kazi. Chombo kidogo cha kupulizia rangi huweza kutaka lita 150 kwa dakika, na kikubwa zaidi ya 300. Lita zinazotangazwa mara nyingi ni za hewa inayoingizwa, na zinazotoka huweza kupungua hata kwa theluthi. Isitoshe, Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Kompresa inayotosha barabara Tanga huenda ikapungukiwa Sekei.

Njia ya kuhakikisha ni saa ya mkononi. Tangi tupu la lita 50 likijazwa hadi baa 8 huwa limepokea hewa ya lita 400 hivi kwa kipimo cha pwani. Likijaa kwa dakika 4, mashine inatoa lita 100 kwa dakika, hata karatasi ya muuzaji ikisema nini. Jaribio hilo lifanyike dukani, fedha zikiwa bado mfukoni, na mnunuzi asimame hatua kumi kutoka kwenye mashine asikilize.

Mashine ikishafika nyumbani, iwekwe juu ya sakafu ya saruji, miguu yake ikiwa na mipira, mbali na kuta za mabati, maana mabati huvuma. Sehemu kubwa ya sauti hutoka kwenye tundu la kuvuta hewa. Kichujio kikubwa chenye bomba pana huipunguza sana. Mashine isifungiwe ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, kwani itaungua. Waya mrefu mwembamba nao huiunguza mota, hasa inapowaka.

Kila jioni maji yafunguliwe chini ya tangi. Kutu ya ndani haionekani kwa macho, na vali ya usalama isizibwe wala kukazwa kwa sababu yoyote. Wakaguzi wa OSHA ndio wenye dhamana ya kukagua vyombo vya mgandamizo mahali pa kazi. Katibu aweke nakala ya cheti cha tangi katika jalada la mkopo.