Niliyojifunza Nikimsindikiza Mama Mkubwa

Mama mkubwa ni kiziwi tangu utotoni. Huku Mnyambe mimi ndiye ninayemsindikiza akienda kutibiwa, ofisini au Newala mjini.

1. Majengo yetu yanaendeshwa kwa mdomo. Muuguzi anatokeza mlangoni, anaita jina. Asipoitikiwa anaita linalofuata. Mama mkubwa hushinda akikodolea midomo ya watu. Dawa ni vipande vya boksi vyenye namba: ukifika unapewa chako, zamu yako ikifika muuguzi anainua namba ileile. Mama mkubwa hajasoma, lakini namba anazijua. Noti anazihesabu vizuri kuliko mimi. Tena wale wa kuruka foleni wanakoma.

2. Karani akilipa dirisha mgongo, uso wake unakuwa kivuli, huoni midomo wala mikono. Ageuze meza tu.

3. Mvua ya Januari ikipiga bati lisilo na dari, sote tunakuwa viziwi. Mzee mwenye shimesikio ndiye anayeteseka zaidi, maana kile kifaa hukuza na kelele pia. Dari kwanza, spika baadaye.

4. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ikitajwa, watu huwaza mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Ni sawa kwa kijana aliyepita shule. Lakini shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni ikaja 1974, na kote huko ni mbali na huku Umakondeni. Mama mkubwa hakupelekwa. Alama zake ni za nyumbani, tunazielewa watu wachache, kwa hiyo mkalimani wa mjini atahitaji ndugu pembeni yake. Na ndugu naye ana kasoro yake: yako maradhi ambayo mtu hataki mtoto wa mdogo wake ayajue. Isitoshe, nikiwepo naulizwa mimi. "Anaumwa wapi?" Siku moja mama mkubwa aligonga meza kwa kiganja, muuguzi akageuka, akaonyeshwa nyonga. Tangu hapo mimi hukaa nyuma yake, na picha ya mwili ukutani hufanya kazi kubwa kuliko yangu.

5. Kwenye mnada wa korosho bei husomwa kwa sauti, kisha wakulima wanakubali au wanakataa. Asiyesikia anakubali nini? Bei iandikwe kwa chaki, tarakimu kubwa, kabla mikono haijanyooshwa. Ubao tunao, mara ya mwisho niliuona nyuma ya mlango wa ghala, umeegeshewa magunia.