Rufaa au Elekezo? Istilahi na Mwenendo wa Seva za Saraka

Utangulizi

Anayetafsiri matini za tarakilishi hukutana na hali ambapo seva moja, ikikosa taarifa iliyoombwa, humtajia mwombaji seva nyingine. Kisawe kinachomjia upesi ni rufaa, kwa kuwa mgonjwa naye hupelekwa kwenye hospitali ya rufaa. Makala haya yanaeleza namna seva za saraka zinavyoelekezana, kisha yanapima iwapo neno hilo linaibeba dhana bila kuipotosha. Hoja kuu ni kwamba istilahi isiyobainisha nani anabaki na ombi mkononi humpotosha mtunzi wa programu, na upotofu huo unaweza kuwagharimu watumiaji siri zao.

Dhana yenyewe

Saraka ni hazina ya taarifa iliyopangwa kwa mfano wa mti: shina, matawi na majani. Taarifa za watu, vikundi na mitambo huwekwa humo ili programu nyingi zizisome mahali pamoja. Itifaki inayotumika sana kuzifikia saraka hizo ni LDAP, iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili iwe njia nyepesi ya kufikia saraka za kiwango cha X.500 cha mwaka 1988. Toleo lake la tatu, lililotolewa mwaka 1997, ndilo lililoupa uelekezaji nafasi rasmi katika itifaki. Ufafanuzi wake ulisahihishwa mwaka 2006 katika waraka wa RFC 4511.

Chukua mfano wa chuo chenye bewa kuu na bewa dogo, kila bewa likiwa na seva yake. Programu ya maktaba inaiuliza seva ya bewa kuu kuhusu mwanafunzi wa bewa dogo. Seva hiyo haina tawi hilo. Inaweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Kwanza, inaweza kwenda yenyewe kuuliza kwa niaba ya mteja na kumletea jibu. Pili, inaweza kumjibu mteja kwa msimbo nambari 10, pamoja na anwani ya seva inayofaa kuulizwa. Katika njia hii ya pili seva imemaliza kazi yake. Mteja ndiye anayefungua mawasiliano mapya, kujitambulisha upya na kuuliza upya.

Kuna sura nyingine ya jambo hilohilo. Utafutaji unapohusu mti mzima, seva hutoa majina iliyo nayo na kuchanganya humo anwani za mahali yalipo mengine. Programu isiyozijali anwani hizo itaonyesha orodha pungufu bila dalili yoyote ya hitilafu. Wanafunzi wa bewa dogo watakosekana, na msomaji wa orodha atadhani hawapo chuoni.

Udhaifu wa neno rufaa

Rufaa inatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuinua. Anayekata rufaa huipandisha kesi yake kwenye mahakama ya juu. Mgonjwa wa rufaa hupandishwa kwenye hospitali kubwa. Seva za saraka hazifuati mwelekeo huo mmoja. Seva huweza kuelekeza chini, kwa inayoshikilia tawi dogo. Juu, kwa inayoujua mti kwa mapana. Au kando, kama vile seva yenye nakala ya kusomwa tu inapomwelekeza anayetaka kubadilisha taarifa kwenye seva kuu.

Pili, rufaa hubeba imani. Mgonjwa hamshuku daktari aliyetajwa katika barua, kwa sababu taasisi imemdhamini. Katika mtandao, anwani iliyopokelewa si dhamana. Mwovu akiingilia mawasiliano yasiyolindwa anaweza kupachika anwani ya seva yake, na programu inayofuata bila kuhoji ikampelekea jina na nenosiri la mtumiaji. Ndiyo maana RFC 4511 inawashauri wateja wawe tayari kuyakataa maelekezo yaliyopokelewa pasipo ulinzi wa usiri.

Wajibu wa mteja

Waraka huo unamtaka mteja ahakikishe kuwa hazunguki baina ya seva, wala hairudii seva ileile kwa ombi lilelile lisilobadilika. Seva ya kwanza ikielekeza kwa ya pili, na ya pili ikarudisha kwa ya kwanza, ni mteja anayepaswa kuukata mzunguko. Anayetumia kihesabio lazima aweze kufuata angalau hatua kumi zilizopandana.

Mtunzi wa programu kwa lugha ya Java hukabidhiwa uamuzi huu waziwazi. Maktaba ya JNDI humpa hali tatu: kuyafuata maelekezo moja kwa moja, kuyapuuza, au kusimamisha shughuli ili programu iamue. Hali ya kwanza ni rahisi, lakini kitambulisho kilekile huenda nayo kwenye seva mpya. Hali ya tatu ina kazi zaidi, ila inaruhusu kuikagua anwani, kuilinganisha na orodha ya seva zinazoaminika, na kuchagua kitambulisho kinachofaa kabla ya kuendelea.

Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, neno elekezo (wingi: maelekezo) linafaa kuliko rufaa. Kitenzi elekeza hakidai kupanda wala kushuka. Tena, aliyeelekezwa njia bado hajafika: miguu ni yake, na uamuzi wa kuingia au kutoingia mlangoni ni wake. Tendo la mteja liitwe kufuata elekezo, na lile la seva kwenda yenyewe liitwe kuuliza kwa niaba, ili mipaka ya wajibu ionekane katika maneno yenyewe. Ni kweli kwamba neno maelekezo limezoeleka kwa maana ya maagizo, lakini muktadha wa seva na anwani utaondoa utata huo. Wanaounda istilahi wanahimizwa kuuliza kwanza nani anatenda nini, ndipo watafute kisawe.