Kimeng'enya Kimoja, Herufi Nne

Darasani tumezoea kusema kwamba kimeng'enya ni kama kufuli, nacho kitu kinachofanyiwa kazi ni kama ufunguo: kufuli moja, ufunguo mmoja. Lakini kipo kimeng'enya kinachopokea vitu vinne mbalimbali mahali pamoja, wala hakivichanganyi. Nataka kueleza jinsi kifanyavyo.

Sisi wa Mpui tumezoea baridi ya Ufipa. Bakteria aitwaye Thermus aquaticus haitaki baridi. Hustawi katika maji yenye joto la sentigredi 70 hivi. Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimpata katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, wakatangaza habari zake mwaka 1969. Kimeng'enya chake cha kunakili DNA huitwa Taq polimerasi.

DNA ni nyuzi mbili zilizoandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. A hukabili T, na G hukabili C. Kazi ya kimeng'enya ni kufuata uzi mmoja na kujenga wa pili, herufi moja moja. Je, kina matundu manne, kila herufi na lake? Hasha! Kina mahali pamoja tu.

Siri ni hii: hakipimi herufi peke yake, bali hupima jozi. Mtazame mwashi ajengaye ukuta kwa kamba. A na G ni matofali makubwa. T na C ni madogo. Kubwa na dogo hujaza upana wa ukuta barabara. Makubwa mawili hutokeza nje ya kamba. Madogo mawili huacha mwanya. Na A pamoja na C je? Ni kubwa na dogo pia, lakini vishikizo vyao havilingani, kwa hiyo jozi hukaa upande. Jozi ikikaa sawa, kimeng'enya hujifunga kama kiganja kinachokunja vidole, na herufi huungwa. Isipokaa sawa, kiganja hakifungi vema, na kwa kawaida herufi huondoka. Makosa hutokea, lakini ni machache.

Faida yake ni nini? Ili kunakili DNA katika maabara, kwanza hutiwa joto la sentigredi 95 hivi, nyuzi zikaachana. Vimeng'enya vingi huharibika hapo kama ute wa yai jikoni, hiki hustahimili. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili, na baada ya mizunguko 30, DNA moja yaweza kuwa zaidi ya 1,000,000,000.

Kwa njia hiyo mashine ya GeneXpert, inayotumika katika hospitali za Tanzania, hutambua DNA ya vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi kwa muda usiozidi saa mbili. Jambo hili latuhusu sisi tulalao wengi katika bweni moja. Mwenzetu akikohoa wiki mbili, tusimcheke wala tusimfiche. Tumwambie mwalimu, apelekwe akapimwe.