Vita Vikuu vya Pili na Chimbuko la Usemi wa Mtoto

Wahenga walisema vita havina macho. Hata hivyo, baadhi ya mambo tunayoyajua kuhusu namna mtoto mchanga anavyoipata lugha yalichimbuka katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia (1939–1945). Makala haya yanaangazia matukio mawili ya kipindi hicho na funzo lake kwa mwanafunzi wa Kiswahili.

Tukio la kwanza linamhusu Roman Jakobson, mwanaisimu mwenye asili ya Kiyahudi aliyezaliwa Moscow mwaka 1896 na kufundisha katika chuo kikuu cha Brno, Chekoslovakia. Majeshi ya Kinazi yalipouteka mji huo mnamo Machi 1939, alikimbilia Denmark, kisha Norway. Norway nayo ilipovamiwa Aprili 1940, alivuka mpaka na kuingia Sweden. Akiwa mkimbizi huko Uppsala, aliandika kitabu kuhusu lugha ya watoto, afasia na kanuni za jumla za sauti. Ajabu ni kwamba alikiandika kwa Kijerumani, lugha ya utawala uliomfukuza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1941, mwaka uo huo alioabiri meli kwenda Marekani.

Jakobson alidai kwamba mtoto hajifunzi sauti mojamoja bali hujifunza tofauti baina ya sauti. Huanza na irabu /a/ pamoja na konsonanti za midomo. Tofauti ya kwanza ya konsonanti huwa kati ya sauti ya mdomo na nazali. Ya pili, kati ya sauti za midomo na za meno. Vipasuo hutangulia vikwamizo, na sauti za mbele hutangulia za nyuma. Mgonjwa wa afasia naye hupoteza kwanza zile sauti ambazo mtoto huchelewa kuzipata.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba jozi ya *baba* na *mama* inaafiki tofauti ya kwanza, na *baba* na *dada* ya pili. Kwa mujibu wa kanuni hizo, tungetarajia mtoto aseme *tutu* kabla ya *kuku*, na *tamaki* kabla ya *samaki*. Hata hivyo, tusidhani kwamba sauti hizo zina maana kwa asili yake. Katika Kijojia, *mama* ni baba, naye mama huitwa *deda*. Mtoto hutoa sauti. Jamii ndiyo inayozipa maana.

Nadharia hii haikukosa wapinzani. Jakobson aliamini kwamba sauti za kubwabwaja hazihusiani na maneno ya kwanza, lakini tafiti za tangu miaka ya 1970 zimeonyesha kwamba zinafanana sana.

Tukio la pili lilitokea London. Anna Freud, aliyekimbia kutoka Vienna mwaka 1938, na mwenzake Dorothy Burlingham waliendesha vituo vya kulea watoto walioathiriwa na vita huko Hampstead. Katika kitabu chao cha mwaka 1944 walieleza kwamba watoto walioishi vituoni walipata chakula na matunzo mema, lakini wakabaki nyuma ya wenzao wa nyumbani katika usemi. Waliporudi kwa mama zao kwa ziara fupi, usemi wao uliweza kupiga hatua kubwa ghafla.

Matukio haya yanakamilishana. Jakobson anatuonyesha mpangilio wa sauti. Hampstead inatukumbusha kwamba mpangilio huo hauchanui pasipo mtu wa karibu wa kuzungumza na mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na usemi wake vilevile.

Je, Kiswahili kimo wapi? Mnamo 2005 Kamil Ud Deen alichapisha kitabu kuhusu watoto wa Nairobi, akijikita zaidi katika viambishi vya kitenzi. Uwanja wa sauti ungali na mengi ya kuchunguzwa: mtoto hutamka lini *mb* ya *mbuzi*, *ng'* ya *ng'ombe*, au *dh* ya *dhahabu*? Maswali haya hayahitaji maabara ya gharama. Daftari, kalamu, tarehe na sikio makini vyatosha kuanzia. Jakobson alitegemea sana kumbukumbu zilizoandikwa na wazazi wa Ulaya kuhusu watoto wao. Ikiwa sisi hatutaandika za watoto wetu, kanuni zinazoitwa za jumla zitaendelea kusemwa bila Kiswahili kuulizwa.