Noeli Ugenini

Mkristo wa Kasungami asafiri mbali. Lori laharibika njiani, fundi angojea vipuri, na Noeli yafika. Wengi hujifariji kwa pombe na manung'uniko. Je, siku hizo ni za bure?

Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, akienda Goa, Bara Hindi. Mwezi wa Agosti merikebu ilitia nanga kisiwani Msumbiji, ikangoja huko miezi karibu sita, mpaka majira ya kusafiri yarudi. Wasafiri wengi walikuwa wagonjwa. Fransisko na wenzake wawili wakakaa hospitalini wakiwauguza. Yeye akawaungamisha na kuwakomunisha. Noeli ikamkuta huko. Tarehe 1 Januari 1542 aliwaandikia ndugu zake wa Roma, naye mwenyewe akiwa mgonjwa, ametolewa damu mara saba, ndiyo dawa ya zamani zile.

Safari ilisimama; mapendo hayakusimama. Mungu hangoji tufike ndipo atutume.

Maswali:
1. Fransisko aliitumiaje miezi ya kungoja?
2. Ukizuiliwa ugenini siku ya Noeli, ni nani karibu nawe aliye na shida kuliko wewe?